Jean-Philippe Gatien: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bingwa wa dunia wa tenisi ya meza kutoka Ufaransa

Félix Lebrun alipotwaa shaba ya Olimpiki jijini Paris mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 17, watangazaji walirudia jina la mtu mwingine: Gatien. Kwa wenye umri mkubwa kidogo jina hilo halihitaji maelezo. Kwa vijana walioanza kuufuatilia mchezo huu kupitia Félix na kaka yake Alexis, maswali ni mengi, na mengi yanafanana. Haya hapa, na majibu yake.

Gatien ni nani hasa?

Ni Mfaransa aliyezaliwa tarehe 16 Oktoba 1968 huko Alès, mji wa kusini uliowahi kuishi kwa machimbo ya makaa ya mawe, chini ya milima ya Cévennes. Washabiki wa kwao walimwita Philou. Alipata medali ya fedha ya Olimpiki Barcelona mwaka 1992, akawa bingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja mwaka 1993, akabeba Kombe la Dunia mwaka 1994, na akafunga hesabu yake ya Olimpiki kwa shaba ya wawili wawili Sydney mwaka 2000. Hadi leo hakuna Mfaransa mwingine aliyeshinda ubingwa wa dunia wa mmoja mmoja kwa wanaume.

Alicheza klabu gani?

Alitokea Alès, lakini jina lake limefungamana na Levallois, mji ulioshikana na Paris upande wa kaskazini magharibi. Kwa miaka mingi Levallois ndiyo iliyokuwa klabu ya kuogopwa Ufaransa, na yeye ndiye aliyekuwa sura yake.

Mchezo wake ulikuwaje? Wanasema alikuwa na silaha moja tu.

Wanaosema hivyo hawajakosea sana, ila wanasahau kueleza jinsi silaha ile ilivyofanya kazi.

Gatien alikuwa mashoto. Alishika raketi kwa mtindo wa kawaida wa Ulaya, wa kiganja kuzunguka mpini, na pigo lake kubwa lilikuwa la mkono wa mbele: anapanda juu ya mpira, anausugua kwa nguvu, mpira unapita juu kidogo ya wavu kisha unazama mezani na kuruka mbele kwa kasi. Upande wa pili, pigo la nyuma ya mkono, alikuwa mtu wa kawaida. Si mbovu, lakini kwenye kundi la wachezaji kumi bora duniani ukawaida ni tundu, na wapinzani wote walijua tundu liko wapi.

Sasa mtu mwenye tundu upande mmoja ana njia mbili. Anaweza kukaa miaka akiliziba, au anaweza kukimbia kiasi kwamba mpira haulifikii. Gatien alichagua kukimbia. Mpira ukija kwenye kona yake ya kulia, ambayo kwa mashoto ni upande wa nyuma ya mkono, yeye anaruka hatua moja au mbili nje ya meza kuelekea kulia, anageuza kiwiliwili, na kuupiga mpira uleule kwa mkono wa mbele. Hapo meza yote upande wa kushoto inabaki wazi. Meza ina upana wa sentimita 152.5, na mpinzani mwenye akili atarudisha mpira kwenye kona ya kushoto kabisa. Kwa hiyo kila akiruka kulia, Gatien alikuwa ameshajiwekea ahadi ya kurudi kushoto mbio, na kupiga tena, kwa mkono uleule.

Ndiyo maana wanaomkumbuka hawaanzi na mkono, wanaanza na miguu. Mkanda wowote wa mechi yake ukiutazama bila kuangalia mpira, utaona mtu asiyetulia chini: visigino havigusi sakafu, magoti yamekunjwa, na hatua zake ni fupifupi na za haraka. Kwa maoni yangu hakuna Mzungu wa kizazi kile aliyekuwa na miguu ile.

Umashoto ulimsaidia?

Sana. Pigo la mashoto la mkono wa mbele likipita kwa mshazari linaangukia moja kwa moja kwenye upande wa nyuma ya mkono wa mpinzani anayetumia kulia. Yaani pigo lake kali kabisa lilikwenda, kwa njia yake ya asili, pale ambapo wengi walikuwa dhaifu zaidi. Tena mpira wa kuanzisha unaotoka mkono wa kushoto unapinda kwa namna ambayo wachezaji hawaikuti kila siku mazoezini.

Fainali ya Barcelona 1992 ilikwendaje?

Tenisi ya meza iliingia Olimpiki mwaka 1988 huko Seoul, na Gatien alikuwapo akiwa na miaka 19, bila kupata medali. Miaka minne baadaye, katika ukumbi wa Estació del Nord, alifika fainali. Kim Taek-soo wa Korea Kusini na Ma Wenge wa China walipewa shaba kila mmoja, kwani mwaka ule haikuchezwa mechi ya kutafuta wa tatu.

Kwenye fainali alimkuta Jan-Ove Waldner wa Sweden. Waldner alishinda seti tatu kwa bila: 21-10, 21-18, 25-23.

Zisome namba hizo kwa mpangilio wake. Seti ya kwanza ni kipigo, hakuna namna ya kukipamba. Ya pili, Gatien ameshaingia mchezoni. Ya tatu ndiyo yenye kusimuliwa. Enzi zile seti ilikwenda hadi pointi 21, na kila mchezaji alianzisha mipira mitano mfululizo kabla ya kumpisha mwenzake. Mkifika 20-20, utaratibu unabadilika: kila mmoja anaanzisha mpira mmoja mmoja, mpaka mtu atangulie kwa pointi mbili. Ili seti iishe 25-23, walilazimika kupita 20-20, 21-21, 22-22 na 23-23. Ni pointi nane za ziada, mtu aliyekwisha kupoteza seti mbili akiwa upande mmoja wa meza, na upande mwingine mchezaji ambaye wengi wanamhesabu kuwa na kipaji kuliko wote waliowahi kushika raketi.

Wapo wanaoichukua fainali ile kama aibu kwa sababu ya ile bila. Mimi naiona kama ushahidi kwamba bingwa wa mwaka uliofuata alikuwa tayari ameshaiva. Waldner ndiye mwanaume pekee asiyetoka Asia aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki ya mmoja mmoja, na seti yake ya mwisho siku ile hakupewa bure.

Na ubingwa wa dunia wa 1993?

Mashindano yalifanyika Göteborg, Sweden, mwezi Mei. Wenyeji walikuwa na timu bora duniani. Walikuwa pia na Waldner, bingwa wa dunia wa 1989 na bingwa mpya wa Olimpiki, na Jörgen Persson, bingwa mtetezi wa dunia tangu Chiba, Japan, mwaka 1991. Ungeambiwa uweke dau, ungeweka kwa Msweden.

Fainali haikuwa na Msweden hata mmoja. Upande mmoja Gatien, upande wa pili Jean-Michel Saive wa Ubelgiji, anayetumia mkono wa kulia, mpiganaji asiyekata tamaa ambaye baadaye angecheza Olimpiki saba. Walikuwa watu wa rika moja, Gatien miaka 24, Saive 23, wanaozungumza lugha moja na kujuana nje ndani. Waldner na Zoran Primorac wa Kroatia waliishia kwenye shaba.

Kujuana huko kulifanya mechi iwe ngumu. Saive naye aliishi kwa mkono wa mbele na miguu, kwa hiyo ilikuwa mechi ya watu wawili wanaogombea nafasi ya kupiga pigo lilelile. Ilikwenda hadi seti ya tano, na Gatien akashinda 3-2.

Saive hakuondoka mikono mitupu kwenye maisha yake: mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa Ulaya na alishika namba moja duniani. Lakini ubingwa wa dunia hakuupata tena, na kwa Ubelgiji seti ile ya tano bado ina uchungu.

Wachina walikuwa wapi?

Hili linaulizwa sana na vijana, kwa sababu wao wameikuta China ikishinda karibu kila kitu.

China ilikuwa kwenye kipindi kigumu. Mwaka 1989 huko Dortmund, Sweden iliichapa 5-0 kwenye fainali ya timu za wanaume. Mwaka 1991 huko Chiba, wanaume wa China walimaliza nafasi ya saba. Mwaka 1993 Sweden ikaifunga tena kwenye fainali. Na ubingwa wa mmoja mmoja ulikwenda Ulaya mara tatu mfululizo: Waldner, Persson, Gatien.

Sababu ilikuwa ya kiufundi. Wachina wengi walishika raketi kama kalamu na kucheza karibu na meza kwa mapigo mafupi ya ghafla. Wazungu walikuwa wamejifunza kupiga mipira yenye mzunguko mkali kwa pande zote mbili za mkono, hata wakiwa mbali kidogo na meza, na upande wa nyuma ya mkono wa mshika kalamu ukawa mlango ulio wazi. Cai Zhenhua, aliyekabidhiwa timu ya wanaume mwaka 1991, aliiunda upya. Matunda yake ni Kong Linghui, aliyeshika raketi kwa mtindo wa Ulaya, na Liu Guoliang, mshika kalamu aliyetumia pia uso wa pili wa raketi. Mwaka 1995 huko Tianjin China ilirudisha ubingwa wa timu, na Kong akawa bingwa wa dunia.

Kwa hiyo alibahatika? Alishinda China ikiwa dhaifu?

Hapana. China dhaifu haimaanishi njia nyeupe. Miaka ile ya 1989 hadi 1993 pengine ndiyo iliyokuwa na ushindani mpana kuliko yote: Wasweden, Wakorea, Wachina haohao, Saive, Primorac. Mtu akitaka kupunguza thamani ya taji la Gatien, akumbuke kwamba lilitwaliwa nyumbani kwa Waldner, Waldner akiwepo.

Na kama hilo halitoshi, tazama kilichofuata. Baada ya 1993, ubingwa wa dunia wa wanaume umekwenda kwa Mzungu mara mbili tu: Waldner mwenyewe mwaka 1997, na Werner Schlager wa Austria mwaka 2003.

Kombe la Dunia la 1994 ni kitu kimoja na ubingwa wa dunia?

Ni vitu viwili. Mashindano ya ubingwa wa dunia ni makubwa, yenye mamia ya wachezaji. Kombe la Dunia, lililoanza mwaka 1980, lilikuwa la wachache walioalikwa kwa ubora wao. Gatien alilishinda Taipei.

Nasikia wachezaji wa zamani walipaka gundi kwenye raketi. Ni kweli?

Kweli kabisa, na bila kulielewa jambo hili huwezi kuielewa kasi ya Gatien.

Uso wa raketi ni raba iliyolalia sponji, na sponji inagandishwa kwenye ubao. Tangu miaka ya sabini na themanini wachezaji waligundua kwamba gundi yenye kemikali kali, ya aina inayotumika kuziba mipira ya baiskeli, ikipakwa upya muda mfupi kabla ya mechi, sponji inavimba na kukaza raba. Mpira unaruka kwa kasi zaidi na kuzunguka zaidi, na pigo zuri linatoa mlio mkali unaosikika mpaka jukwaani. Basi kabla ya kila mechi ungewakuta mabingwa wameinama na brashi na kopo, wanabandua raba, wanapaka, wanangoja ikauke, wanapaka tena, wanabandika. Harufu yake ilijaza vyumba.

Mtu anayetegemea pigo moja la kasi alinufaika kuliko mwingine yeyote. Kemikali zile zilikuwa na madhara kwa afya, na baada ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 gundi hiyo ikapigwa marufuku moja kwa moja. Wakati huo Gatien alishaweka raketi chini.

Sheria nyingine zilizobadilika tangu enzi yake ni zipi?

Mpira ulikuwa na kipenyo cha milimita 38. Baada tu ya Sydney, mwezi Oktoba 2000, ukawa milimita 40 ili kupunguza kasi na uonekane vizuri kwenye televisheni. Mwaka 2001 seti ikashushwa kutoka pointi 21 hadi 11. Mwaka 2002 ikakatazwa kuuficha mpira kwa mkono au mwili wakati wa kuanzisha, ujanja ambao kizazi cha Gatien kiliutumia bila kificho. Mipira ya seluloidi ikaanza kupisha ya plastiki mwaka 2014.

Kwa hiyo ukimlinganisha na mchezaji wa leo kwa kutazama mikanda, kumbuka kwamba unalinganisha michezo miwili tofauti. Seti ya pointi 21 ilimpa mtu nafasi ya kujikwamua. Ya 11, ukizubaa kidogo, imekwisha.

Alifanya nini na timu ya taifa?

Makubwa, na watu husahau. Ufaransa ilikuwa bingwa wa Ulaya kwa timu mwaka 1994 huko Birmingham na tena mwaka 1998 huko Eindhoven. Katikati yake, mwaka 1997 huko Manchester, ilifika fainali ya dunia na kufungwa na China 3-1. Kizazi kile kilikuwa na Gatien, Patrick Chila, Damien Éloi na Christophe Legoût. Hilo jina la mwisho litunze, tutalirudia.

Medali ya Sydney ilikuwaje?

Baada ya Atlanta 1996 kupita bila medali, wengi walidhani hadithi imekwisha. Sydney alikuwa anakaribia miaka 32, na mchezaji anayeishi kwa miguu huzeeka mapema. Lakini katika mchezo wa wawili wawili wenza hupiga kwa zamu, hivyo si lazima ukimbie kila mpira, na mashoto hutafutwa sana: mpira wa kuanzisha hulazimika kuangukia nusu ya kulia ya upande wa mpokeaji, na mashoto anaweza kusimama pembeni ya meza na kuupiga kwa mkono wa mbele bila kuzuiwa na kitu. Yeye na Chila walipata shaba. Dhahabu ilikwenda kwa Wang Liqin na Yan Sen, fedha kwa Kong Linghui na Liu Guoliang, wote Wachina. Hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya nne mfululizo.

Kati ya Gatien na Jacques Secrétin, nani mkubwa?

Waulize Wafaransa wawili, utapata majibu matatu.

Secrétin, mashoto mwenzake, alikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1976 na bingwa wa dunia wa wawili wawili wa mchanganyiko, mwanamume na mwanamke, mwaka 1977 pamoja na Claude Bergeret. Alishinda ubingwa wa Ufaransa wa mmoja mmoja mara 17. Baada ya hapo alizunguka akicheza mechi za maonyesho zilizochekesha watu ambao hawakuwahi kuujali mchezo huu. Ukipima kwa mapenzi ya watu, ni Secrétin. Ukipima kwa kilele, yaani siku moja ambayo mtu amewapita wote duniani akiwa peke yake mezani, ni Gatien, na mimi nasimama hapo. Secrétin alifariki mwaka 2020.

Ana uhusiano gani na ndugu Lebrun?

Wa damu, hakuna. Lakini Christophe Legoût, mwenzake wa fainali ya Manchester, ni mjomba wa Alexis na Félix Lebrun. Baba yao pia alikuwa mchezaji wa ngazi ya juu. Vijana hao ni wa Montpellier, si mbali na Alès.

Shaba ya Félix mwaka 2024, aliyoipata kwa kumfunga Hugo Calderano wa Brazil 4-0, ilikuwa medali ya kwanza ya Mfaransa katika Olimpiki ya mmoja mmoja tangu fedha ya Gatien ya 1992. Siku chache baadaye Félix, Alexis na Simon Gauzy waliifunga Japan na kupata shaba ya timu. Na mapema mwaka uleule, huko Busan, Korea Kusini, wanaume wa Ufaransa walifika fainali ya dunia ya timu, ya kwanza tangu ile ya 1997. Kwenye fainali hiyo China ilishinda 3-0.

Kimchezo hawafanani naye hata kidogo. Félix anashika raketi kama kalamu, mtindo ambao Ulaya karibu hauonekani, na nyuma ya mkono wake ni hatari kuliko mbele. Mfaransa anayecheza kwa mshiko wa Kichina ulioboreshwa na China ili kuwakomesha akina Gatien: sijui kama kuna mzaha mzuri kuliko huo katika mchezo huu.

Baada ya kustaafu alifanya nini?

Alibaki kwenye uongozi wa michezo. Alikuwa mkurugenzi wa michezo katika kamati ya maandalizi ya Paris 2024, kazi ya kupanga mashindano ya michezo yote, si tenisi ya meza pekee. Aliondoka kwenye nafasi hiyo kabla ya Michezo yenyewe kuanza.

Nikitaka kumtazama, nianze na mechi gani?

Fainali za 1992 na 1993 zote zinapatikana YouTube. Anza na ya Göteborg, seti ya tano. Picha si nzuri na mpira mdogo unapotea mara kwa mara, kwa hiyo usihangaike nao; fuata kona yake ya kulia, uone ni mara ngapi anaizunguka na ni mara ngapi Saive anawahi kupeleka mpira kushoto. Ukishazoea, rudi Barcelona, seti ya tatu, kuanzia 20-20.